Rejista ya Darasa la 1979

 

Katika kurasa nyingine utasoma jinsi ushirika wetu ulivyoanza na jinsi Bwana alivyotuvusha mipaka. Mimi nakuomba turudi nyuma zaidi kidogo, ili uone udongo ambao mbegu ilipandwa. Nataka nikusimulie habari za darasa. Sisemi darasa la shule moja. Nasema juu ya vijana walioingia S.1 katika shule za Kampala na pembeni yake mwaka 1974, wakafika S.6 mwaka 1979. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, S.1 ni kidato cha kwanza na S.6 ni kidato cha sita. Vijana wale leo wamepita miaka sitini. Ndio wazee na mama zetu wanaokaa viti vya mbele ibadani. Muulize mmoja wao alimaliza shule mwaka gani, utaona anavuta pumzi kwanza kabla ya kujibu.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike mpaka mwisho: rejista. Kila asubuhi mwalimu anafungua rejista na kuita majina. Anayeitwa anajibu, "Nipo." Vitabu vya historia vinahesabu vita kwa askari na vifaru. Darasani vita inahesabiwa kwa jina linaloitwa halafu kimya, hakuna anayejibu. Tuipitie rejista ya darasa hili, mwaka kwa mwaka.

Waliokosekana kabla ya kengele ya kwanza

Idi Amin alichukua serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huo na uliofuata, askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa katika kambi za jeshi. Kwa hiyo mwaka 1974 wapo watoto walioingia S.1 wakiwa hawana baba, na hawakuruhusiwa hata kuuliza baba alizikwa wapi.

Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku tisini waondoke nchini. Shule kama Old Kampala na Kololo zilikuwa na watoto wengi wa Kihindi. Darasa letu lilipoanza, viti vile vilikuwa vimeshakaliwa na wengine. Walimu nao walikuwa wanapungua. Wahindi wameondoka, wazungu wengi wameondoka, na Waganda wenyewe walianza kuvuka mpaka mmoja mmoja.

Wewe ndugu wa Kenya, kama ulisoma sekondari miaka ile ya 1970 na 1980, huenda ulifundishwa hesabu au fizikia na mwalimu kutoka Uganda. Mkamsifu, mkasema anajua kazi. Basi ujue kwamba mwalimu yule alikuwa ameacha darasa huku. Mlichopata ninyi, wenzenu walikipoteza.

Miaka minne ya kwanza

Julai 1975, darasa likiwa S.2, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kampala katika mkutano wa OAU, na Amin akawa mwenyekiti. Mji ulipambwa. Lakini nyumbani sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kupangia foleni. Ndipo maneno mawili ya Kiswahili yakaingia katika kila lugha ya Uganda: *magendo* na *mafutamingi*. Magendo unayajua. Mafutamingi ni yule aliyetajirika ghafula kwa kuwa karibu na wakubwa. Mwanafunzi aliona mwalimu wake anatembea kwa miguu, na mtu asiyejua kusoma anapita na Mercedes. Hebu fikiria ni somo gani alilopata pale.

Mwaka 1976 wako S.3. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israeli walitua Entebbe wakawaokoa mateka waliokuwa wamefungiwa uwanja wa ndege. Hasira ya serikali iliwaangukia Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda, ikidaiwa kwamba Kenya ilisaidia. Wapo waliouawa, na maelfu wakakimbia kurudi kwao. Fungua rejista: majina ya Kikenya yanaitwa, kimya. Mwezi uliofuata askari wakavamia Chuo Kikuu cha Makerere, wakawapiga wanafunzi. Kwa kijana wa sekondari wa Kampala, Makerere ndiyo iliyokuwa kilima cha ndoto. Sasa habari iliyoshuka kutoka kilimani ilikuwa ya damu.

Mwaka 1977 ndio wa mtihani wa S.4, na kwa sisi watu wa wokovu ndio mwaka wa kukumbuka. Tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Hata watoto wa shule hawakuamini. Baada ya hapo Waacholi na Walango waliandamwa tena. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe Mera walipita milimani kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. Mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa.

Halafu Septemba 1977 Amin akapiga marufuku vikundi 27 vya dini. Vilivyobaki na ruhusa ni Wakatoliki, Kanisa la Uganda, Waorthodox na Waislamu. Wapentekoste, Wabaptisti, Waadventista, Jeshi la Wokovu, wote nje. Msomaji wangu wa nchi ya amani, soma hapo tena polepole. Kusema kwa lugha na kuomba kwa sauti, mambo unayofanya Jumapili bila kufikiri, yalikuwa kosa linaloweza kukufikisha Nakasero, kwenye jengo la State Research Bureau, ambako wengi waliingia wasitoke.

Wanafunzi waliookoka walifanya nini?

Hapa ndipo naona mkono wa Bwana. Katika shule zilizoanzishwa na Kanisa la Uganda, chapeli haikufungwa, kwa sababu Anglikana walikuwa na ruhusa. Tena kanisa hilo lilikuwa na moto wa Balokole, uamsho ule ulioanza mwaka 1929 pale Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe, ukashika Gahini kule Rwanda, ukavuka hadi Kenya na Tanzania. Kwa hiyo kijana wa Kipentekoste aliyekuwa hana kanisa mjini aliweza kuimba chapelini na Mwanglikana aliyeokoka, wakaombeana. Mjini kwenyewe waamini walikutana majumbani, wachache wachache, wakiimba kwa sauti ya chini. Mchungaji Kefa Sempangi, mwanzilishi wa Redeemed Church hapa Kampala, alikuwa amekimbia nchi mwaka 1973, lakini kondoo wake hawakuacha kukutana.

Ndugu, siku hizi tunagombana juu ya madhehebu. Wale vijana hawakuwa na nafasi ya kugombana. Mtu ukijua kwamba mwenzako akikamatwa unakamatwa naye, humuulizi alibatizwa kwa maji mengi au machache. Unamuuliza jina lake, ili kesho asipoonekana ujue wa kumwombea.

Vita yenyewe

Mwishoni mwa Oktoba 1978, darasa likiwa S.5, majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakaingia Tanzania, yakateka eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda.

Sasa nakuomba uvuke mpaka pamoja nami, kwa sababu upande wa pili nako kulikuwa na watoto wa shule. Mkoa ule ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera umelipata baada ya vita. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likabomolewa. Familia nzima nzima zilikimbilia ng'ambo ya mto na vitoto mgongoni. Kule nako rejista zilikaa bila majibu. Mtanzania mwenzangu katika Bwana, hatukusahau. Historia ya Kampala ikiandikwa bila Kyaka, ni nusu.

Mwalimu Nyerere akaita nchi yake. Jeshi likaongezewa mgambo na vijana wa JKT, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka shule. Januari 1979 wakaingia Uganda kupitia Mutukula, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata. Machi wakapigana na askari wa Amin na wa Libya pale Lukaya. Kutoka hapo mpaka Kampala ni barabara moja tu.

Wanafunzi wa S.6 walipaswa kuwa wanasoma kwa mtihani. Walichosikia usiku ni makombora ambayo watu wa Kampala waliyapa jina la *Saba Saba*. Mpaka leo ukimtajia mzee wa Kampala Saba Saba, hafikirii sikukuu ya wafanyabiashara ya Dar es Salaam! Anakumbuka chini ya kitanda.

Angalia sasa kalenda ya Mungu. Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili 1979, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kampala ikaanguka tarehe 11, Jumatano ya Juma Takatifu, na Luteni Kanali Oyite-Ojok akatangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha. Tarehe 13 Yusufu Lule aliapishwa kuwa rais, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu. Jumapili ya tarehe 15 ilikuwa Pasaka. Watu waliokuwa wameimba kwa kunong'ona mwaka mmoja na nusu, hebu piga picha wimbo wao wa asubuhi ile.

Na jambo lingine. Kiswahili kilikuwa kimetangazwa na Amin kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wengi Kampala walikichukia, kwa sababu ndiyo lugha ya askari anayekusimamisha njiani na ya mwizi anayegonga mlango usiku. Aprili ile wakakisikia kwa askari wengine, waliokiita kila mtu *ndugu*. Wenyeji wakawaita *Bakombozi*. Kijana wa S.6 wa Kampala na kijana wa JKT kutoka Dodoma au Tanga walikuwa rika moja. Wakasalimiana kwa lugha hiihii unayosoma sasa, ambayo ushirika wetu umeifanya ya kuhubiria mipakani.

Mtihani ambao haukuwa kwenye karatasi

Nisikufiche kitu, maana historia ya kupamba haimjengi mtu. Siku ya ukombozi ilikuwa pia siku ya uporaji. Wananchi wenyewe walivunja maduka ya Kampala, wakabeba magodoro, viti, magunia ya sukari. Njaa ya miaka ilikuwa kubwa, sawa, lakini wizi ni wizi.

Na kibaya zaidi ni kisasi. Watu wa West Nile na Wanubi walihesabiwa wote kuwa watu wa Amin, hata mama muuza mboga, hata mtoto wa shule. Waislamu katika sehemu za magharibi waliuawa. Maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Fungua rejista kwa mara ya mwisho. Mwaka 1976 hawakujibu Wakenya. Mwaka 1977 hawakujibu watoto wa Acholi na Lango. Shule zilipoendelea mwaka 1979, majina yasiyojibiwa yalikuwa ya vijana wa Arua, Koboko na Yumbe, waliokuwa wanakaa dawati moja na wewe, mkigawana maharage. Hawakumuua mtu yeyote. Kosa lao lilikuwa jina.

Wapo waliowaficha majirani zao siku zile. Wapo pia waliowaonyesha kidole. Hilo ndilo lililokuwa karatasi ngumu kuliko zote, na halikuwekwa alama na mwalimu yeyote.

Juni Lule akaondolewa, akaja Godfrey Binaisa. Darasa la 1979 lilianza muhula wa kwanza chini ya Amin na kumaliza wa tatu chini ya Binaisa: marais watatu kwa mwaka mmoja wa shule! Usiku watu waliendelea kuuawa mjini. Vijana wale walipotazama nyuma mwisho wa mwaka, miaka sita yote waliyovaa yunifomu hawakuwahi kuona amani.

Walipata nini basi?

Vita haikuisha. Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi, Februari 1981 wapiganaji wa Museveni wakashambulia Kabamba, na Luwero ikageuka makaburi. Aliyemaliza S.6 mwaka 1979 akaenda kusomea ualimu, alisimama mbele ya darasa katika miaka ya *panda gari*, na wanafunzi wake wakaona mapinduzi ya Julai 1985, kisha wakakaa kusubiri matokeo wakati NRA inaingia Kampala Januari 1986. Yeye aliwaelewa. Aliita rejista akijua uzito wake.

Na lile kundi la kunong'ona? Amin alipoanguka, marufuku yake ilianguka naye. Makanisa ya wokovu yakatoka nje na vijana wa rika lile ndani yake. Kampala Pentecostal Church, ambayo leo ni Watoto, ilianza mwaka 1984 katikati ya vita ya Luwero, na baadaye ikafanya ibada katika lililokuwa jumba la sinema la Norman. Hawakungoja amani ndipo waanze.

Danieli naye alikuwa mwanafunzi wa wakati wa vita. Soma sura ya kwanza ya kitabu chake. Yerusalemu imezingirwa, vijana wamechukuliwa, wameingizwa shule ya Babeli miaka mitatu, na mwishoni mfalme mwenyewe akawafanyia mtihani. Babeli iliwaandika katika rejista yake kwa majina mapya. Lakini Roho Mtakatifu akahakikisha majina yao ya nyumbani yameandikwa: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Wanne hao walishikana. Sijaona mahali kijana anavuka shule ya Babeli akiwa peke yake.

Rejista iliyo mikononi mwetu leo

Kwa nini nakuandikia haya katika gazeti la sherehe? Kwa sababu wakati tunakata keki, watoto wetu wapo katika darasa kama lile. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, katikati ya mwaka wa shule, na vijana walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa serikali, ule mnaouita Exetat. Sudan ina vita tangu tarehe 15 Aprili 2023. Wengi wao wako hapahapa Kampala, Nsambya, Katwe na Makindye, wamekaa nyuma ya kanisa, hawajui wamuulize nani.

Nakuomba mambo manne, si makubwa.

Kwanza, kila kanisa la ushirika wetu liandike majina ya vijana waliokatizwa shule na vita, pamoja na darasa walilofikia. Kama hujui jina lake, utamwombeaje?

Pili, wasaidie kutunza karatasi. Cheti, ripoti ya muhula, hata kitambulisho cha shule, kipigwe picha na nakala itunzwe na mchungaji. Hapa Uganda, UNEB ndiyo inayolinganisha vyeti vya sekondari vya nchi nyingine ili kijana aendelee na masomo. Asiye na karatasi anaanzia mbali sana.

Tatu, familia iliyo na chumba impokee mtahiniwa mmoja kwa miezi ya mtihani. Ni kitanda, taa na sahani ya posho.

Nne, na hili ndilo gumu, usimuulize kabila kabla hujamuuliza jina. Yule wa Rwanda, yule Mnyamulenge, yule Mnande, yule Mshi, yule Mdinka, yule Mnuer. Mwaka 1979 Kampala ilifurahia uhuru wake huku ikimtoa darasani mtoto wa Koboko. Kanisa likirudia hilo, basi tumeimba bure.

Wazee wetu wa darasa la 1979 hawakufanyiwa mahafali. Naomba katika maadhimisho haya, kila kanisa liwasimamishe mbele, liwaite kwa majina yao, wajibu "Nipo", nasi tupige makofi. Kisha waitwe vijana wa Goma, wa Bukavu, wa Khartoum, wasimame karibu nao, na wazee wawawekee mikono.

Bwana aliyewahesabu wana wa Israeli jangwani kwa majina yao asimwache hata mmoja nje ya kitabu chake. Akubariki wewe na nyumba yako, akutunze barabarani na mipakani. Amina.